Aliyemzika mtoto wa Panga ya Saidi aliijua kazi

Mhariri,

Kazi yangu ni kuosha na kuzika maiti hapa Mombasa, tangu ujana, na wengi niliowahudumia wamelala makaburi ya Kikowani. Naomba nafasi niseme neno kuhusu maiti ambaye hakupitia mikononi mwangu, ila aliyemzika ningependa sana kumpa mkono.

Ni yule aliyefukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti wakampa jina la Mtoto. Habari zake zilitoka katika jarida la sayansi la Nature mwezi wa Mei 2021. Tangu hapo kila nikisikia akitajwa, hutajwa kwa hesabu tu: miaka 78,000, basi, mazungumzo yamekwisha. Mtu wa kazi yangu huuliza mengine. Alilazwa vipi? Alifungwa na nini? Kichwa kiliegemezwa wapi? Na majibu yapo, mjukuu wangu alinisomea yote.

Alikuwa wa miaka miwili na nusu au mitatu hivi. Vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana mwaka 2013, lakini vilikuwa vimeoza mno, ukivigusa vinakuwa unga. Shimo lenyewe lilifunuliwa 2017, kiasi cha mita tatu chini ya sakafu ya pango ya leo. Wachimbaji wakaona wasiichokore mifupa pale pale. Wakaligandisha donge zima kwa plasta, wakalipeleka Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa, na meno mawili yaliyojitokeza yakawaonyesha kuwa huenda ni binadamu. Kutoka Nairobi donge likasafiri hadi Burgos, Uhispania, likachambuliwa taratibu na María Martinón-Torres na wenzake, wakishirikiana na Mkenya mwenzetu Emmanuel Ndiema.

Sasa sikiliza walichokiona. Shimo lilichimbwa kwa makusudi, na mtoto akafukiwa kwa udongo wa mle mle pangoni. Alilala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mtulinga wa kulia na mbavu mbili za juu vilikuwa vimegeuka kwa namna inayotokea mwili ukiwa umeviringishwa na kukazwa mabegani. Bafta, kitambaa chetu cha sanda, haikuwapo zama hizo. Wao wanadhani ni ngozi ya mnyama au majani makubwa. Nacho kichwa, pamoja na pingili tatu za shingo, kilikuwa kimeshuka na kuinama, kama kwamba kiliwekewa kitu chini yake, kitu hicho kikaoza, pakabaki uwazi.

Hapo niliposomewa nilimwambia mjukuu wangu arudie. Kikowani ni makaburi ya zamani, ukichimba huna budi kukutana na waliotangulia, na kichwa kilichoinama hivyo nimekiona kwa macho yangu. Sisi Waislamu humlaza maiti ubavu wa kulia na kuweka donge la udongo chini ya shavu, ndani ya mwanandani, ule uwazi wa kaburi alalamo maiti, kabla ya kupanga viunza, yaani mbao za kumfunika. Yule mtu wa pangoni naye alifikiria kichwa. Na sanda ya mtoto wa umri ule si kazi nyepesi, Mhariri. Ukikaza sana unajihisi kama unamuumiza, ukilegeza inafunguka mikononi wakati unamteremsha. Ya huyu ilikazwa sawasawa, mpaka mabega yakakaa yalivyowekwa.

Nilipolieleza jambo hili barazani, mwenzetu mmoja aliweka kikombe cha kahawa chini akauliza, "Ubavu wa kulia? Kwa hivyo alikuwa Mwislamu?" Tulicheka sana. Uislamu una miaka elfu moja na mia nne na kidogo. Huyu amelala makumi ya maelfu kabla yake. Tena sisi maiti tunamnyoosha, hatumkunji magoti. Tusimvishe kanzu yetu kwa nguvu.

Kuna na wengine, wanaotia chumvi kwamba hili ndilo kaburi la kwanza duniani. Silo. Kule Israeli, kwenye mapango ya Skhul na Qafzeh, watu wa aina yetu walizikwa zamani zaidi, miaka zaidi ya 90,000 iliyopita. Hili la Kilifi ni la kale zaidi kwa Afrika, kati ya yanayojulikana ya watu kama sisi. Linalolifuatia kwa karibu liko Border Cave, Afrika Kusini, nalo ni la mtoto mchanga, aliyezikwa na kombe la baharini, yaani gamba, lililotobolewa. Wote wawili watoto! Sijui wenye elimu wanalionaje hilo, mimi halinishangazi. Kwenye maziko ya mtoto kila mtu hutaka kushika kitu.

Wajukuu zangu ukiwauliza historia ya pwani watakutajia Fort Jesus, Wareno na mwaka 1593. Sawa, ngome ile ni yetu na tiketi tumelipa. Lakini Kilifi ni mwendo wa matatu tu kutoka hapa, na shuleni kwao huyu jirani hajatajwa hata mara moja.

Ombi langu ni dogo. Mtafuteni mmoja wa waliochimba pale, aeleze kwa Kiswahili, kwa utulivu, jinsi mtoto alivyokutwa amelala: kichwa, mabega, magoti, shimo. Mpeni ukurasa mzima wa Jumapili. Na mchoro uwe mkubwa tafadhali, maana kule barazani tunaousubiri macho yetu hayawezi tena herufi ndogo.

Mzee mwosha maiti,
Majengo, Mombasa