Shukrani kwa mzee wa Barr Al Hikman

Mzee wetu uliyetuelekeza kwa Kiswahili tulipokwenda kutazama ndege kule Barr Al Hikman, rasi ya pwani ya Oman: ahsante sana. Ramani ya simu ingetuzamisha. Sabkha, yaani uwanda wa chumvi, juu ni ganda la chumvi, chini tope; gurudumu likilivunja, gari linakaa hadi ekseli. Kupunguza upepo wa tairi kunafaa mchangani. Kwenye sabkha dawa ni kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa, basi. Ukasisitiza pia tufike masaa mawili kabla ya maji kujaa, jua likiwa mgongoni. Maji yakipanda huwasogeza chamchanga, ndege wa ufukweni, karibu, ila kuanzia saa nne asubuhi mazigazi huchezesha kila kitu kwenye darubini. Wale ndege wala kaa, weupe wenye mgongo mweusi, ambao hufika hata Mida Creek, Kenya, tuliwaona mpaka kijivu cha miguu. Mungu akuzidishie.