Nani amepunguza?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu neno tulitumialo kutwa kucha, nalo ni "kupunguza".

Mwezi uliopita hapa Langoni, Lamu, tulibandikiwa tangazo ukutani: "Maji yamepungua kuanzia leo." Ofisi iliyobandika siitaji. Tulichokiona ni mifereji mikavu kwa siku nne, na punda wakipita vichochoroni na madumu mpaka usiku.

Shida ya maji tumeizoea. Kilichoniuma ni kitenzi. "Pungua" husemwa kwa kitu kipunguacho chenyewe: homa hupungua, kusi hupungua, mgonjwa hupungua mwili. Hapo hakuna wa kuulizwa. "Punguza" lina mtendaji, na mtendaji huulizwa. Ukiandika kwamba maji yamepungua, lawama umezitupia visima vya Shela vinavyotupa maji, na mchanga wa Shela hauna mdomo wa kujitetea. Kama kuna mkono uliofunga koki, basi useme "tumepunguza". Na hata hilo lisingekuwa kweli, kwa sababu kilichopunguzwa sharti kibaki. Msafiri anayepunguza sala analijua hili: rakaa nne huwa mbili, na Magharibi yenye tatu haiguswi. Maji yasiyobaki hata tone yamekatwa, na neno "kukata" tunalo.

Bahari yenyewe wazee wetu hawakuisema kuwa inapungua. Maji ya bahari hupwa, hata siku za bamvua yanapokwenda mbali kabisa, na kila asemaye "yamekupwa" anajua yatajaa.

Nami nina kosa langu. Juzi sokoni nilishika tungo la changu nikamwambia kijana, "Mwanangu, nipunguzie." Akachomoa samaki wawili, akanipa waliobaki. Hakunivunjia heshima. Mimi nilikusudia bei, lakini sikuitaja, naye akasikia samaki. Tumezoea kuliacha neno hili peke yake, tukitaraji msikilizaji ajaze mwenyewe. Kama angewatoa wale wawili kwa siri na bei akaiacha pale pale, hilo lingekuwa kupunja, na kila aliyewahi kushika mizani anajua kupunja ni dhambi.

Sokoni hasara ni samaki wawili. Kwenye afya ni kubwa zaidi. Mama yangu ana presha, na kliniki aliambiwa, "Mama, punguza chumvi." Akaitikia, na kweli akapunguza: mchuzi aliokuwa akiutia vijiko viwili akautia kimoja na nusu. Ng'onda, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, papa mkavu na achari ya ndimu havikuingia kwenye hesabu yake, kwa kuwa kwake chumvi ni ile ya kopo. Miezi mitatu presha haikushuka. Shirika la Afya Duniani limetaja kipimo: mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi yote, ya kopo na ya ng'onda. Nilitia chumvi kwenye kijiko cha chai, bila kukijaza, nikakiweka kwenye kisahani mbele yake. Akakitazama kwa muda, akasema, "Hii ndiyo ya siku nzima? Basi mbona hawakuniambia hivyo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mtu aliyempa shauri hakuwa na nia mbaya, ila alimwachia mgonjwa kitenzi kitupu, bila kiasi.

Kwa hiyo ombi langu kwa ofisi ile, na kwa yeyote anayetuandikia matangazo, ni hili: siku nyingine mkipunguza maji, andikeni kwamba ni nyinyi mliopunguza, mtaa gani, yatatoka saa ngapi hadi saa ngapi, na mpaka lini. Mistari miwili inatosha. Tukijua kwamba yatatoka alfajiri mpaka saa tatu, tutaamka tukinge, na mwenye mgonjwa ndani atajua ajaze madumu mangapi.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu