Risala ya Wakulima wa Zabibu wa Hombolo, Dodoma, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Wakulima wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Hombolo. Umetukuta katikati ya mavuno. Kreti ulizopita pale chini ya mti ni za jana. Nyuki wameshazizingira, na gari la mnunuzi halijafika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mizabibu ya kwanza ililetwa Dodoma na mapadri. Kutoka nchi ya mapadri wengi waliohudumu huku, Italia, ipo familia moja ambayo habari zake tumezijadili sana vikaoni. Ni familia ya Mascarello, wa kijiji cha Barolo, mkoani Piemonte.

Zamani wakulima wa kule walipakia zabibu kwenye mikokoteni hadi uwanjani mjini Alba, wakawangoja madalali. Kadiri jua lilivyopanda, ndivyo bei ilivyoshuka, maana zabibu haingoji. Habari hiyo iliposomwa kikaoni, tulitazamana.

Giulio Mascarello, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliamua kusindika zabibu nyumbani na kuuza mvinyo kwenye chupa zenye jina lake. Hadi leo eneo lao lote ni hekta 5 hivi, yaani kama ekari 12. Wapo wanachama wetu wawili watatu ambao wakiunganisha mashamba wanafika hapo.

Mwanawe Bartolo, aliyepigana msituni dhidi ya mafashisti, alishika njia ya baba. Zabibu za aina ya nebbiolo kutoka vipande vinne vya shamba, Cannubi, San Lorenzo, Rué na Rocche, alizichanganya ziwe mvinyo mmoja, hata majirani walipoanza kuuza mvinyo wa kila shamba peke yake. Yalipoingia mapipa madogo mapya yenye kuupa mvinyo harufu ya mbao, yeye alibaki na mapipa makubwa ya zamani. Uzeeni, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa akichora lebo kwa mkono wake, na moja aliiandika waziwazi kwamba mapipa madogo hayataki. Alifariki mwaka 2005. Binti yake, Maria Teresa, anaendeleza kazi kwa utaratibu uleule wa babu.

Kilichotugusa zaidi ni subira. Kwa sheria, mvinyo wa Barolo hukaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya pipa. Mkulima anayedaiwa ada ya shule Machi hawezi kungoja hivyo bila mtaji.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba mambo mawili: mashine ya kukamulia pamoja na matangi, na mkopo ambao marejesho yake yataanza baada ya mvinyo kuuzwa. Jengo tumeshalianza kwa nguvu zetu. Kuta zimefika kwenye lenta, na tutakuomba ukalione kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.