AFP ya kawaida haitoshi kwa mwenye homa ya ini B

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie AFP, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ini, ambacho siku hizi kimo karibu katika kila kifurushi cha uchunguzi wa saratani kinachotangazwa mijini. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Kinachoniumiza ni kumwona mtu mwenye homa ya ini B, ugonjwa unaoweza kuleta saratani hiyo, akipokea majibu yaliyoandikwa "kawaida", kisha akaenda zake akiamini ini lake li salama.

AFP ni protini inayotengenezwa na ini la mtoto akiwa tumboni. Baada ya kuzaliwa hushuka mpaka ikabaki kidogo sana. Mwaka 1963 huko Moscow, Garri Abelev aliikuta kwa panya wenye saratani ya ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa binadamu. Ni kipimo chenye heshima yake. Lakini uvimbe mdogo, ule hasa ambao bado ungeweza kukatwa mgonjwa akapona, mara nyingi hautoi AFP ya kutosha kuonekana. Kwa mpaka uliozoeleka wa nanogramu 20 kwa mililita, takribani wagonjwa wanne katika kila kumi hawagunduliki. Wakati huohuo AFP hupanda kwa mjamzito, kwa mwenye homa ya ini iliyochachamaa, na kwa baadhi ya saratani za korodani na ovari, na wapo wanaokesha wakilia kwa namba ambayo haikuwa saratani.

Kipo pia kipimo kingine cha damu, PIVKA-II, ambacho hupima protombini (protini ya kugandisha damu) yenye kasoro. Hupanda zaidi uvimbe unapovamia mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, kwa hiyo humpa daktari fununu kwamba ugonjwa umeanza kutoka ulipozaliwa. Lakini anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, itampanda hata bila saratani. Na hakuna tone la damu linaloweza kusema saratani imefika kwenye mapafu au mifupa. Hilo hutafutwa kwa picha. Pale AFP inapong'ara ni baada ya upasuaji: kama ilikuwa juu, inatakiwa ishuke ndani ya wiki chache, na ikianza kupanda tena, daktari ana sababu ya kutafuta upya kabla mgonjwa hajahisi chochote.

Huko Shanghai, watu karibu 19,000 waliowahi kupata homa ya ini B au wenye ugonjwa sugu wa ini waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliitwa kila miezi sita kwa AFP pamoja na ultrasaundi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: katika kundi hilo vifo vya saratani ya ini vilikuwa pungufu kwa asilimia 37, ingawa mahudhurio hayakufika hata asilimia 60. AFP na ultrasaundi kwa pamoja, tena kwa kurudiarudia. Kifurushi cha mara moja hakifanyi kazi hiyo.

Hapa Tanzania chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wazazi na wafanyakazi wetu, wengi hawakuipata utotoni. Na saratani hii Afrika kusini mwa Sahara huwakamata watu wakingali na nguvu, wengi wakiwa kwenye miaka ya arobaini.

Ninachoomba kwa Wizara ya Afya na kwa wenye maabara binafsi ni kidogo. Fomu ya kuomba AFP iwe na sehemu mbili za lazima: hali ya homa ya ini B ya mgonjwa, na tarehe ya ultrasaundi yake ya mwisho. Ikiwa ana homa ya ini B na nafasi ya tarehe iko tupu, karatasi ya majibu isitoke na neno "kawaida" peke yake, bali iambatane na maelekezo ya kwenda kupigwa ultrasaundi.

Mtaalamu wa maabara,
Mwanza