Watengenezaji wa rimoti, wafikirieni wazee

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie watengenezaji wa rimoti za pamoja, yaani rimoti moja inayoendesha vyombo kadhaa. Orodha ya namba za kuunganishia vyombo mnaichapa kwa herufi ndogo mno, kwenye karatasi inayochanika upesi. Mama yangu haioni kabisa. Basi acheni japo nafasi ndani ya kifuniko cha betri, mtu aandike namba zake: televisheni, deki, amplifaya (chombo cha kukuza sauti).

Kinachomtesa zaidi ni sauti. Anabonyeza kitufe cha kuongeza, amri inakwenda kwenye televisheni, ilhali spika zote zinaendeshwa na amplifaya! Baadhi ya rimoti huruhusu kitufe hicho kipangwe kupeleka amri kwa amplifaya daima. Elezeni hilo ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili.

Msomaji,
Binti wa mama huyo