Bustani hufa baada ya dhoruba kupita

Ndugu Mhariri,

Kila masika magazeti yetu huandika juu ya mapaa yaliyoezuliwa, barabara zilizokatika na kaya zilizohamishwa. Ni habari za lazima. Isiyoandikwa ni hasara ya nyuma ya nyumba: tuta la mchicha, miche michache ya nyanya, mstari wa bamia kando ya uzio. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Lindi na Mtwara hiyo ndiyo mboga ya kila siku. Ikienda na maji, sokoni nako bei imepanda, kwa kuwa mvua ile ile imepiga mabonde yanayolisha soko.

Ninachotaka wasomaji wako wajue ni kwamba sehemu kubwa ya mimea haiuawi na upepo. Inauawa na yale tunayoifanyia siku tatu nne zinazofuata: kukanyaga matuta, kumwagilia, kumwaga mbolea ya urea, na kung'oa kwa hasira mimea ambayo bado ina uhai.

Kazi ya kwanza ni kuondoa maji, kabla hujagusa mmea wowote. Mizizi inavuta hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Nyanya na hoho zikizama siku moja hadi mbili, mizizi huanza kuoza; matembele huvumilia zaidi. Chimba mfereji wa upana wa jembe na kina cha sentimita 30 kati ya matuta, ufuate mteremko, lakini usiuelekeze kwa jirani, maana naye ana tuta lake. Simama njiani au juu ya ubao. Ukikanyaga tuta lililolowa unaushindilia udongo, na ukikauka unakuwa tofali. Kujua kama uko tayari kulimwa, chukua konzi moja uiminye. Likibaki donge linalonata, subiri. Likivunjika kwa kuguswa na kidole gumba, ingia na kijembe utifue juu juu, sentimita mbili tatu tu, ili gamba lililoganda lipasuke na hewa iingie.

Siku ya pili jua linawaka, na majani yananyauka ilhali udongo umelowa chapachapa. Hapo ndipo wengi hukimbilia ndoo. Mmea huo haukosi maji, umekosa mizizi mizima ya kuyanyonya, na kuongeza maji ni kuumalizia. Unachohitaji ni kivuli: makuti mawili juu ya vijiti kwa siku tatu nne. Mbolea nayo ni vivyo hivyo. Majani hugeuka njano kwa sababu mvua imeisukuma chini naitrojeni, chakula cha majani, kwa hiyo mkono unawasha kushika urea. Lakini mizizi iliyojeruhiwa huungua ikikutana na mbolea kali. Ngoja majani mapya yachomoze, mara nyingi baada ya wiki hivi, ndipo uweke kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya CAN kwa kila mche, sentimita 10 kutoka shinani, na ufukie.

Nyanya iliyolala iinuliwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Ikikaa zaidi ncha yake hujikunja kuelekea juu, na ukiilazimisha kusimama shina linakatika. Chomeka mti upande wa pili wa mizizi, funga kwa kipande cha kanga kuukuu kwa mzunguko wa namba nane, ili shina lisisuguane na mti. Kama haiinuki, usiing'oe. Fukia sehemu ya shina iliyogusa ardhi kwa udongo mkavu kidogo, nayo itatoa mizizi mipya. Hata ncha iliyokatika ina kazi: chukua sentimita 15 hadi 20, toa majani ya chini na maua yote, panda kivulini kwenye udongo unyevu. Katika siku 7 hadi 10 inaweza kuwa imeshika. Hoho na biringanya huchanika kwenye panda, pale matawi yanapogawanyika; kata kwa kisu safi chini ya mchaniko, usiache ngozi inaning'inia. Mchicha uliovunjika ukate sentimita 10 kutoka chini, juu ya vifundo, utachipua. Sukuma wiki toa majani yaliyochanika, uache moyo wa juu. Matembele kata vipande vya sentimita 30, fukia theluthi mbili. Kabichi iliyopasuka ivune leo leo.

Tope lililoganda juu ya majani lioshwe taratibu kwa maji safi asubuhi, ili majani yakauke kabla ya jioni. Yale ya chini yanayogusa ardhi yatoe, kwa kuwa matone ya mvua hurusha vimelea kutoka udongoni, na ugonjwa wa bakajani ya nyanya huanzia huko huko. Dawa ya ukungu ipigwe majani yakiwa makavu, kwa kipimo cha lebo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Mboga za majani zinazochumwa kila siku usizipulizie kabisa.

Ugonjwa wa mnyauko bakteria unahitaji macho makali, maana maji ya mvua huusambaza kutoka shamba hadi shamba. Mche wa nyanya ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina la chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ndio wenyewe. Ng'oa mche na mizizi yake, uuchome; usiutupe kwenye mboji. Hapo usipande tena nyanya, nyanya chungu, biringanya, hoho wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au mchicha.

Kuhusu afya sitapunguza neno. Maji ya mafuriko mijini yamepita kwenye vyoo vya shimo. Mboga za majani zilizofunikwa na maji hayo zitupwe. Chumvi na siki hazitoshi kuzisafisha, na moto hauondoi oili ya gereji. Saladi, karoti na matango, vinavyoliwa vibichi, visipandwe hapo kwa miezi minne hivi. Fanya kazi na mabuti na glavu, hasa ukiwa na kidonda mguuni: homa ya mgunda, iliyoua watu Lindi mwaka 2022, hupatikana kwenye maji na tope lenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

Palipobaki wazi, na maji machafu hayakufika, inua tuta hadi sentimita 25 na usie mchicha uliochanganywa na mchanga, mistari ya sentimita 20, ufukiwe kiasi cha sentimita moja. Baada ya wiki tatu hadi nne unachuma.

Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari mapema, nanyi mkazichapa. Ombi langu ni dogo. Tahadhari nyingine ikitoka, chapeni chini yake mistari michache kuhusu bustani: mfereji, kivuli, usimwagilie, usiweke urea. Na halmashauri zitoe namba ya simu ya bwana shamba wa kila kata wiki hiyo hiyo, wakati mizizi bado inaweza kuokolewa.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam