Nguzo za makanisa mapya zibebe mzigo

Mhariri,

Ninaandika kuhusu makanisa mapya yanayojengwa Kisumu na viunga vyake, ambayo mengi yamesimamishiwa nguzo za mtindo wa Wagiriki na Warumi mbele ya mlango mkuu. Mtindo wenyewe naupenda. Kinachonisikitisha ni nguzo tupu zilizofinyangwa kwa plasta na kubandikwa ukutani, ilhali paa la mabati limebebwa na vyuma vilivyofichwa nyuma yake.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alitaka jengo liwe imara, lifae na lipendeze. Alieleza kwamba kimo cha nguzo ya Kidoriki, mtindo mnene wa Wagiriki, kilikuja kuwa mara 7 ya upana wa shina lake, na cha nguzo ya Kiionia, mtindo wao mwembamba zaidi, mara 9. Fundi anayeirefusha nguzo nyembamba hadi ghorofa ya pili, kwa kuwa kamati imevutiwa na picha fulani, huupoteza utukufu ule ule alioagizwa kuuleta.

Basilika ya Yamoussoukro, nchini Côte d'Ivoire, iliyotabarukiwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1990, ilifuata mfano wa Basilika ya Mtakatifu Petro ya Roma, na safu zake za nguzo zinawatilia waumini kivuli. Hapo ndipo mapokeo haya yanapotufaa zaidi: kwa jua la Kisumu na mvua zake za alasiri, ukumbi wa nguzo wenye kina cha kutosha ungewahifadhi waombolezaji na waumini waliokosa nafasi ndani, ambao leo hukodishiwa mahema.

Tena, si lazima tuige Roma pekee. Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe katika kaunti ya Migori, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, nyingine zikifikia mita 4.5, mawe makubwa yako nje na ndani, madogo yamejazwa katikati, na ukuta hujibeba wenyewe.

Naziomba kamati za ujenzi, ambazo fedha zake ni sadaka na harambee za watu wa kipato kidogo, zimuulize msanifu kila nguzo inabeba nini kabla ya kutia saini ramani. Ile isiyobeba kitu iondolewe, na gharama yake iongezwe kwenye kina cha baraza.

Msomaji wako,
Kisumu